JOGINDER SINGH, SIMBA ALIYETOKA KWENYE GEREJI

Mara nyingi mtu akipewa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri hukimbilia marais, au wanariadha walioleta dhahabu za Olimpiki. Hao wameandikwa sana na sina ubaya nao. Mimi nimeonelea nimwandike mtu ambaye wazee wa hapa Makindu hulitaja jina lake kila tunapobishana juu ya magari, lakini sisi vijana tukiulizwa alikuwa nani hasa, tunababaika tu. Huyu ni Joginder Singh Bhachu, dereva wa mashindano ya Safari Rally, ambaye Wakenya walimbandika jina la Simba.

Kilichonisukuma kuandika ni mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili. Mada ilikuwa kwamba katika mbio ndefu za magari, ushindi huletwa na gari wala si dereva. Loo! Ubishi uliwaka kama moto wa nyika. Upande mmoja walishikilia kwamba mtu yeyote akipewa gari la kampuni kubwa atashinda, hata kama jana alikuwa akiendesha mkokoteni. Upande wangu tulipomtaja Joginder, mwenzetu mmoja akasimama akadai kwamba huyo hafai kuhesabiwa kwa sababu alikuwa Mhindi, si mtu wetu. Kabla hatujamjibu sawasawa, kengele ya jioni ikalia. Na nyote mnajua, sisi wa shule ya kutwa kengele ya jioni haina mjadala, kila mtu ana kilomita zake za kutembea kabla giza halijaingia. Basi nimeamua kujibu kwa kalamu.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye nchi ya mashamba ya chai. Baba yake, Battan Singh, alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab, India, katika miaka ya ishirini. Familia yao ilikuwa ya dini ya Sikh. Hapa kwetu watu wa dini hiyo huitwa Kalasinga au Singasinga, na jina Singh ambalo wanaume wao wengi hulitumia maana yake ni simba. Kwa hivyo Wakenya walipomwita Simba walikuwa wanamrudishia tu jina lake mwenyewe kwa Kiswahili.

Sisi wa Makindu hatuhitaji kuelezwa Masikh ni akina nani. Hekalu lao liko hapa hapa kando ya barabara kuu ya Mombasa. Lilijengwa mwaka 1926, na mizizi yake inatokana na mafundi wa Kisikh waliofanya kazi kwenye reli iliyotoka Mombasa. Hadi leo msafiri wa dini yoyote ile akiingia pale hupewa chakula na chai, wala haulizwi hata shilingi moja. Wengi wetu tumekula pale na tunajua ladha ya dengu zao! Watu hao walijulikana tangu zamani kwa ufundi: useremala, uashi, uhunzi, na magari yalipofika, wakawa mafundi wa magari. Joginder alitoka katika ukoo wa namna hiyo.

Alikulia katika harufu ya grisi. Baada ya masomo yake alishika spana katika gereji, akajifunza kufungua injini na kuifunga. Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia madereva walioharibikiwa. Hebu fikiria kazi hiyo katika miaka ya hamsini. Hakuna simu ya mkononi ya kuagiza spea, na barabara nyingi ni za udongo. Unamkuta mtu amekwama na watoto wake kando ya njia, na lazima gari liondoke kwa vifaa ulivyonavyo kwenye sanduku lako. Nadhani hapo ndipo Simba alipokulia kucha. Alijifunza gari huvunjika wapi, huvunjika vipi, na linanong'ona nini kabla halijavunjika.

Sasa tuyatazame hayo mashindano yenyewe, maana asiyeyajua hawezi kuujua ukubwa wa mtu huyu. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na baadaye Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua ndefu, na urefu wake ulikuwa kama kilomita 5,000. Magari yalikimbia mchana na usiku, kwa siku kadhaa, katika barabara zile zile ambazo mabasi, ng'ombe na mama wenye mizigo ya kuni walikuwa wakipita. Hazikufungwa. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ikahesabiwa kuwa alama ya hasara. Mwisho wa yote, aliyekuwa na hasara ndogo kuliko wengine ndiye mshindi.

Kwa hivyo, msomaji, haya hayakuwa mashindano ya kukimbia tu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulimeza magurudumu hadi ekseli. Jua likiwaka, aliye nyuma alikula vumbi la aliye mbele bila kuona kitu. Mawe yalitoboa tangi la petroli, springi zikakatika, radieta zikapasuka. Mwaka 1963 zaidi ya magari 80 yalianza lakini yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90, na tena saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Sasa niambieni, katika hali hiyo mwenye mguu mzito kwenye eksileta atafika wapi?

Babu yangu aliyaona kwa macho yake katika miaka ya sabini, wakati mkondo wa pwani ulipopita nchi hii ya Ukambani kuelekea Mombasa. Anasema watoto waliamka kabla ya jogoo, wakakaa juu ya kichuguu au juu ya mti wa mgunga na kungoja. Kwanza uliona taa, hata mchana, maana magari yalikimbia na taa zimewashwa. Halafu ukasikia mlio, kisha ukaona wingu jekundu la vumbi likija kama tufani. Gari lilipita kufumba na kufumbua, mawe yakaruka, na watoto wakashangilia ingawa hawakujua waliyemshangilia ni nani. Waliokuwa na redio waliwasomea wengine matokeo, na aliyekuwa na kalamu aliandika namba za magari kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Wiki nzima baada ya Pasaka kila mtoto alikuwa na gari la waya, na kila gari la waya lilikuwa la Joginder. Hata dereva wa matatu akipita kwa kasi, wazee walimwita Joginder, wengine kwa kumsifu na wengine kwa kumkaripia.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na miaka 27. Hakushinda. Hakushinda mwaka uliofuata wala mwaka mwingine. Lakini alikuwa akimaliza, na kila mwaka alitoka na elimu zaidi. Katika ile Safari ya 1963 iliyomaliza magari saba, la Joginder lilikuwa miongoni mwa hayo saba. Watu wakaanza kuuliza, huyu fundi mwenye kilemba ni nani?

Jibu lilikuja mwezi wa Aprili 1965. Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilikuwa imeleta timu yake kwa Safari ya mwaka 1964, mambo hayakuwaendea vizuri, na magari yakabaki huku. Joginder akalinunua moja, Volvo PV544, gari lililokwisha kutumika na kuchoshwa na barabara zetu. Kwa lugha ya mtaani, mtumba! Akalifungua, akalikagua na kulifunga tena kwa mikono yake akisaidiana na ndugu zake. Kiti cha mwelekezi kikakaliwa na mdogo wake, Jaswant Singh. Mbele yao walikuwa madereva wa kampuni kubwa za Ulaya, wenye magari mapya na mafundi wa kulipwa. Ndugu hao wawili waliwaacha wote. Walirudi Nairobi wakiwa wa kwanza, wakiwa wamemzidi wa pili kwa zaidi ya saa moja. Saa moja, wala si sekunde! Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari, na nchi yetu ilikuwa na umri wa miezi kumi na sita tu tangu uhuru.

Baada ya hapo hakulewa sifa. Mwaka 1968, katika ile Safari nyingine ya magari saba, alikuwamo tena. Mwaka 1969 alikuwa wa pili akiendesha Volvo. Miaka ikapita, wengi wakasema Simba amezeeka. Lakini wapi! Mwaka 1974 alikuja na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Colt Lancer, mwelekezi wake akiwa David Doig. Mwaka huo mvua ilifungulia mifereji yote ya mbinguni. Aliyeogopwa zaidi alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi na gari lake Porsche 911, ambalo kwa mbio lilikuwa kama mshale. Waldegård aliongoza, lakini barabara zetu zikamvunjia chombo, akapoteza muda akitengenezewa. Joginder, ambaye alikuwa akienda kwa hesabu zake, akampita na kushinda. Porsche ikawa ya pili.

Mwaka 1976 yeye na Doig wakarudia, safari hii Mitsubishi ikichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wa pili alikuwa Robin Ulyate na wa tatu Andrew Cowan. Hapo Joginder akawa mtu wa kwanza kabisa kushinda Safari mara tatu, naye alikuwa na miaka 44, umri ambao baba zetu wengi huanza kulalamika mgongo.

Najua wapinzani wangu katika mdahalo wanangoja hapa wakiwa na swali lao. Watasema, na Shekhar Mehta je? Ni kweli, sitaficha. Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda Safari mara tano: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Mwaka ule wa 1973 yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na hasara sawasawa, ikabidi kanuni itumike kumpata mshindi. Tano ni nyingi kuliko tatu, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa hivyo tukihesabu vikombe, Mehta ni mkubwa wake.

Lakini mada yetu haikuwa vikombe. Ilikuwa gari au dereva. Mehta alishinda mara zote tano kwa magari ya kampuni moja, Datsun, yakitunzwa na kampuni yenyewe. Joginder alishinda kwa mtumba wa Volvo, halafu miaka tisa baadaye kwa Mitsubishi, gari la kampuni nyingine kabisa kutoka bara jingine. Gari lilibadilika, injini ikabadilika, mwelekezi akabadilika. Kitu ambacho hakikubadilika ni mtu aliyeshika usukani. Isitoshe, tangu 1959 hadi 1980 aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Msomaji, hiyo ndiyo hesabu ninayoipenda kuliko zote. Katika mashindano yaliyomeza magari kwa makumi kila mwaka, huyu alishindwa kumaliza mara tatu tu katika miaka zaidi ya ishirini!

Siri yake ilikuwa nini? Kwa maoni yangu, ni kwamba alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mtu asiyejua bei ya kitu hukivunja ovyo. Joginder alijua kila nati, kwa hivyo alijua ni shimo gani la kurukia na ni lipi la kupita polepole kama mtu abebaye mayai. Aliyekimbia sana alipata dakika kumi akazipoteza mia kwenye matope. Simba yeye hakuwinda kwa kelele. Kwa hivyo nawajibu wenzangu hivi: gari ni muhimu, sikatai, bila gari hakuna mbio. Ila katika mbio fupi gari linaweza kumbeba dereva, lakini katika kilomita 5,000 za matope na mawe, ni dereva anayelibeba gari.

Sasa nije kwenye lile neno la Mhindi, maana liliniuma. Joginder alizaliwa Kericho. Alijifunza kazi Kenya, akashinda akiwa Kenya, katika barabara za Kenya, na watoto wa Kiafrika waliokaa juu ya vichuguu walimwita Simba bila kulazimishwa na mtu. Mehta alifukuzwa alikozaliwa na mtawala aliyekuwa akitumia maneno kama hayo hayo ya kwamba fulani si mtu wetu. Je, Uganda ilipata faida gani? Mshindi wa Safari mara tano akawa wa Kenya. Sisi wa Makindu tunaokula chakula cha hekalu bila kuulizwa kabila tungepaswa kuwa wa mwisho kuuliza mtu asili yake anapotuletea sifa.

Joginder aliacha kushindana katika Safari baada ya 1980. Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, na tarehe 20 Oktoba 2013 alifariki dunia huko London akiwa na umri wa miaka 81. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa watoto wachanga tu, wengine bado chekechea haiwajui. Safari yenyewe iliondolewa kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na ikarudi mwaka 2021, sasa ikiwa na makao yake Naivasha. Lakini si ile ya babu. Sasa barabara za mbio hufungwa, na kilomita zinazopimwa kwa saa hazifiki hata 400. Magari ni ya ajabu, kasi yake hutisha, na mimi huyatazama kwenye runinga kwa furaha. Babu hutazama kidogo, halafu huuliza yataondoka lini kwenda Kampala.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina neno moja kwa wenzangu. Kidato cha tatu ndicho tunachochagulia masomo, na kila mtu huulizwa atakuwa nani. Nikisema nataka kuwa fundi wa magari, wapo wanaocheka, ati gereji ni ya walioshindwa na masomo. Jumamosi humsaidia mjomba wangu anayetengeneza malori kando ya barabara hii ya Mombasa, na ninarudi nyumbani mikono imekuwa myeusi hadi viwiko. Nimeona lori la tani nyingi limelala siku mbili, dereva amekata tamaa, halafu mjomba akasikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua, akagusa mahali pamoja tu na lori likanguruma. Ile ni fizikia, ndugu zangu, na ile ni hesabu, ingawa hakuna ubao wala chaki. Sifa ya mkono mweusi haisomwi kwenye vidole, husomwa mwisho wa barabara.

Simba wa Kenya alianza na spana. Hakuionea haya, na hata alipokuwa bingwa ndiyo iliyomshindia. Basi yeyote kati yetu aliye na spana yake, iwe ni kalamu, sindano, jembe au sufuria, na aishike vizuri, asikimbilie kuwapita wengine kwenye kilomita ya kwanza. Mbio zetu ni ndefu, na wengi watakwama njiani. Tujitahidi tuwe miongoni mwa wale saba.